Mguu Wazi Juu ya Pikipiki

Shuka ni vazi la mtembea kwa miguu. Mchungaji anayefuata ng'ombe kutwa nzima hulifunga lubega, likaacha bega moja na miguu kuanzia magotini wazi, ili upepo upite na hatua isibanwe. Kwa kazi hiyo halina mpinzani: ni jepesi, hukauka upesi, usiku hugeuka blanketi, na mvua ikinyesha hufunika kichwa. Likipandishwa kwenye pikipiki, sifa hizohizo hugeuka kasoro. Upepo uliokuwa ukimpoza mchungaji hulipeperusha shuka kuelekea gurudumu la nyuma, na mguu uliokuwa huru hukaa sentimita chache tu kutoka kwenye bomba la moshi.

Handeni hali hii ni ya kila siku. Wilaya hiyo ya Mkoa wa Tanga ni nchi ya Wazigua, lakini Wamaasai, hasa Waparakuyo, wamechunga humo kwa vizazi, na tangu Juni 2022 kijiji cha Msomera kimepokea familia zilizohama kutoka Ngorongoro. Boma, kisima, mnada na duka la dawa za mifugo haviko jirani, na pikipiki ndiyo imeshika nafasi ya miguu. Kijana juu ya Boxer au TVS, shuka jekundu likipepea nyuma yake, sime kiunoni na fimbo imebanwa chini ya paja, hamshangazi mtu yeyote kwenye barabara ya vumbi. Miguuni ana katambuga.

Upande wa Korogwe, wilaya jirani, vazi ni jingine lakini mguu ni uleule. Mama anayetoka Magoma au Mashewa kwenda mjini hupanda bodaboda akiwa na kanga kiunoni au amevaa dera. Mzee anayekwenda msikitini ana kanzu, au msuli kama ni safari ya karibu. Dereva mwenyewe, kwa joto la bonde la Mto Pangani, mara nyingi ana bukta na ndala. Wote hao ama ngozi ya mguu iko wazi, ama imefunikwa kwa kitambaa kisichobana, na kwa pikipiki tofauti ya hali hizo mbili si kubwa kama inavyodhaniwa.

Wala si jambo la Tanga peke yake. Wanaume wa Scotland wana vazi lao la kilt, sketi nzito ya sufu yenye marinda inayoishia magotini, na wale wanaoendesha pikipiki wakiwa wamelivaa hukutana na mambo yaleyale: upepo unaolifunua, injini inayochoma na lami inayochuna. Askari wao walikwishalipa gharama ya mguu wazi vitani. Wajerumani walipoanza kutumia gesi ya haradali mwaka 1917, askari wa Scotland waliovaa kilt kwenye mahandaki waliungua miguu na mapaja, kwa kuwa gesi hiyo hushambulia ngozi, na huwa kali zaidi penye jasho. Vazi lililotunzwa kwa heshima karne nyingi liliumbuliwa na chombo kipya. Kwa shuka na kanga, chombo kipya ni pikipiki, ambayo tangu michoro yake ya kwanza imetengenezwa kwa mtu mwenye suruali na viatu vya kufunika mguu.

Hatari ya kwanza ni moto. Pikipiki nyingi za biashara za Tanzania, zenye injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, zina bomba la moshi upande wa kulia. Bomba hilo, ambalo mafundi huliita ekzosi, hutoka mbele ya injini, hupita chini ya mguu wa dereva na kuishia ubavuni mwa gurudumu la nyuma, sawia na kigimbi cha abiria. Chombo kikishatembea kwa dakika chache, sehemu za bomba zilizo karibu na injini hupita nyuzi joto 200, kiwango cha juu kuliko mafuta ya kukaangia maandazi.

Ngozi haihitaji joto la namna hiyo ili iharibike. Utafiti wa Moritz na Henriques wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1947 na unaotumika hadi leo, ulionyesha kwamba ngozi ikigusana na kitu chenye nyuzi 44 huungua baada ya saa sita hivi, lakini kikiwa na nyuzi 60 sekunde tano tu zinatosha. Kwenye nyuzi 200 hakuna muda wa kuhesabu. Mtu huuvuta mguu kwa kuumia, na wakati huo tabaka la juu la ngozi limekwisha kubaki kwenye chuma. Ndiyo sababu alama ya ekzosi huwa na umbo la yai au la ulimi, upande wa ndani wa kigimbi cha kulia, na watu wengi wanaopanda bodaboda wanayo. Kwenye ngozi nyeusi huanza kama doa la waridi, kisha hubaki nyeupe au nyeusi kwa miaka, na kwa wengine huinuka ikawa kovu nene.

Ajali hii haihitaji mwendo. Nyingi hutokea chombo kimesimama: abiria anashuka upande wa kulia huku akishikilia kanga kwa mkono mmoja na kikapu kwa mwingine, anautafuta udongo kwa ncha ya kidole, na kigimbi kinalala juu ya bomba. Watoto huungua hata pikipiki ikiwa imezimwa na kuegeshwa, kwa kuwa chuma huhifadhi joto kwa dakika nyingi na hakionyeshi dalili yoyote machoni. Mtoto anayebebwa mbele, juu ya tangi, ana hatari yake: miguu yake mifupi huning'inia karibu kabisa na mapezi ya injini, ambayo kwa pikipiki hizi hupozwa na upepo tu.

Dawa ya hili ni nyepesi kuliko nyingine zote, nayo ni kupanda na kushuka kwa kushoto. Stendi ya pembeni iko kushoto, chombo huinamia huko, bomba liko ng'ambo, na kwa kuwa Tanzania magari hupita kushoto, abiria anayeshukia kushoto huangukia ukingoni mwa barabara na si mbele ya basi. Dereva mzoefu humkumbusha abiria kabla hajainua mguu. Asiyemkumbusha anastahili kulaumiwa, maana abiria hakujifunza pikipiki popote.

Hatari ya pili ni kitambaa chenyewe, na hapa mwanamke anayekaa upande ndiye aliye pabaya zaidi. Wengi hukaa hivyo kwa sitara, miguu yote miwili ikining'inia kushoto, na kwa njia hiyo huliepuka bomba la moshi. Lakini kushoto ndiko iliko cheni, pamoja na sproketi ya nyuma na spoki zake. Akikimbia moto anakutana na meno.

Hesabu yake ni fupi. Mzingo wa gurudumu la nyuma la pikipiki ya kawaida unakaribia mita 2, na kanga moja ina urefu wa mita 1.5 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ambao dereva wa bodaboda huuona wa kizee, gurudumu huzunguka zaidi ya mara nne kwa sekunde. Pindo la kanga likishanaswa na spoki, kanga nzima humezwa ndani ya robo ya sekunde, pamoja na chochote kilichofungwa nayo. Mvaaji hapati hata nafasi ya kupiga kelele. Kama kanga imefungwa kiunoni kwa fundo gumu, mwili huvutwa chini na nyuma; kama ni mtandio uliozungushwa shingoni, kinachovutwa ni shingo. Mchezaji ngoma mashuhuri wa Marekani, Isadora Duncan, alikufa hivyo mjini Nice, Ufaransa, tarehe 14 Septemba 1927, mtandio wake mrefu uliponaswa na gurudumu la gari la wazi lililokuwa ndiyo kwanza linaondoka.

Shuka la Kimaasai lina tabia yake. Halikufungwa kiunoni tu. Ncha yake iko begani na sehemu kubwa iko huru mgongoni, hivyo upepo huliinua kama tanga. Dereva akiwa peke yake, pindo hulalia kiti cha nyuma kisha huteleza pembeni. Akiwa na abiria, linabanwa kati yao na hatari inapungua, ingawa miguu hubaki wazi kama kawaida. Kuna na vitu vinavyoandamana na vazi: sime kwenye mshipi, rungu, fimbo. Kwa mtembeaji hizo ni zana. Kwa mtu anayeanguka kutoka kwenye pikipiki ni vyuma na miti migumu inayosubiri mbavu zake. Sime hukaa salama zaidi ikifungwa pamoja na mzigo.

Kisigino nacho huingia katika hesabu hii. Mtoto aliyepakatwa katikati ya watu wawili, kwa ule upakiaji unaoitwa mshikaki, hana pa kuweka miguu. Huitupa pembeni, na mguu ulio mtupu au wenye ndala huteleza kati ya spoki na uma wa nyuma. Jeraha lake ni baya kuliko linavyosikika, kwa sababu spoki huchuna ngozi ya kisigino kama ganda la muhogo na wakati mwingine huondoka na mshipa mkubwa unaokiinua kisigino. Nyama ya hapo ni haba na kidonda chake huchukua miezi.

India, ambako mamilioni ya wanawake hupanda pikipiki wakiwa wamevaa sari na kukaa upande, haikuwaamuru wavae suruali. Kanuni za Magari za nchi hiyo za mwaka 1989, kanuni ya 123, zinaitaka kila pikipiki iwe na mshikio wa kudumu kwa abiria, pa kukanyagia, na kizuizi kinachofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo ya abiria isinaswe. Boxer na TVS ni pikipiki za India. Fundi yeyote wa kuchomelea mjini Korogwe au Handeni anaweza kutengeneza kizuizi cha namna hiyo kwa nondo nyembamba na wavu, na kwa kweli ni ajabu kwamba krashi-ba ya mbele, inayolinda chombo, imekuwa pambo la lazima wakati kizuizi cha gurudumu, kinachomlinda abiria, hakiulizwi na mtu. Wapo hata madereva wanaoing'oa ngao ya cheni iliyotoka kiwandani ili iwe rahisi kuipaka oili.

Tanzania mkazo uko kwingine. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka mwendesha pikipiki avae kofia ngumu, na hapo macho ya askari huishia. Kichwa kinastahili kutangulizwa, maana mguu uliochunika hauui kama fuvu lililopasuka. Lakini kuanzia shingo kushuka chini, kwa vitendo kila mtu ameachiwa busara yake.

Hatari ya tatu ni ardhi yenyewe. Kati ya Korogwe na Handeni kuna lami ya kilomita 65 hivi, na kati ya Segera na Mombo barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha hupita na mabasi yake. Mtu anayeanguka akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa huteleza juu ya lami mita 15 hivi, kwa zaidi ya sekunde mbili, kabla mwili haujasimama. Akiwa kwenye 80, huteleza karibu mita 40. Kwenye changarawe za barabara za vijijini msuguano ni mdogo, hivyo huteleza mbali zaidi, juu ya mawe yenye ncha.

Kipimo kimoja cha Ulaya cha mavazi ya pikipiki, EN 13595, kilitaka sehemu za magoti na viwiko zihimili kusuguliwa kwa sekunde 4 kwa daraja la kwanza na sekunde 7 kwa daraja la pili. Ngozi nzuri ya ng'ombe hufika huko. Pamba nyepesi ya kanga au shuka hutoboka karibu mara moja, na baada yake kinachosuguliwa ni mtu. Ngozi ya muundi ina unene wa milimita mbili tu au pungufu, na chini yake hakuna nyama bali mfupa moja kwa moja. Ndiyo maana goti na muundi vikichunika hupona polepole kuliko paja, lenye nyama na damu ya kutosha. Kama mchanga na vumbi la lami havikusafishwa mapema, ngozi hufunga juu yake na kuacha madoa ya bluu nyeusi yasiyofutika, mithili ya chale.

Njia za porini zina visa vyake. Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, jani lililoinamia njia lina mwiba mgumu nchani, na kwa mguu unaopita kwa kasi huo ni msumari. Handeni kuna miiba ya migunga. Kisha kuna upupu. Mtembeaji huuona na kuuzunguka. Mwenye pikipiki hupita katikati yake, na vinywele vya maganda yake vikishatua kwenye mguu wenye jasho, dereva huanza kujikuna kwa mkono ambao ulipaswa kuwa kwenye usukani. Tusicheke sana: pikipiki inayoendeshwa kwa mkono mmoja kwenye mchanga haifiki mbali.

Jua na baridi huchangia kidogo, ila kwa watu fulani huchangia sana. Upepo wa mwendo huipoza ngozi, kwa hiyo mtu haoni anavyochomwa na jua. Kwa wenye ualbino safari ya saa mbili mikono na miguu ikiwa wazi ni hatari ya kweli, na mafuta ya kujikinga yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili yao hupakwa kabla ya kuondoka. Anayetoka Mombo jioni akiwa na bukta na kupanda hadi Soni na Lushoto hupata kinyume chake: magoti hukakamaa kwa baridi ya milimani, na mguu uliokakamaa huchelewa kukanyaga breki.

Haya yote hayadai mtu aache vazi lake. Wamaasai wengi wa Handeni wamekwishapata njia yao wenyewe, nayo ni suruali ya jinzi au bukta ndefu ndani, shuka juu. Pindo la nyuma huzungushwa kiunoni na kukazwa kwa mshipi, au hukaliwa, lisibaki na ncha inayopepea. Mwanamke anaweza kujifunga kibwebwe kama anayekwenda shambani, akavaa suruali nyepesi ndani ya dera, na akakaa akitazama mbele, miguu yote miwili ikiwa kwenye vikanyagio. Sitara haivunjiki, na mizani ya chombo inatengemaa, kwa sababu abiria wa upande humlazimisha dereva kuegemea kulia muda wote. Buti la mpira la shambani, linalovaliwa sana wakati wa masika, ni kinga nzuri ya mwiba, upupu na spoki, ingawa si ya ekzosi: plastiki ikigusa chuma cha moto huyeyuka, na ikishikana na ngozi huongeza jeraha. Kitambaa cha pamba nzito ni bora kuliko nailoni kwa sababu hiyohiyo.

Mtu akiungua, la kwanza ni maji safi ya baridi ya kawaida, yakimiminwa juu ya jeraha kwa dakika 20, na yana faida hata kama saa mbili tatu zimepita. Handeni, ambako maji huhesabiwa kwa ndoo, kitambaa safi kilicholowanishwa na kubadilishwa mara kwa mara husaidia. Bangili na shanga za kifundo cha mguu zivuliwe mapema, kabla mguu haujavimba na kuzikaza. Dawa ya meno, majivu, unga na samli havipozi moto. Hufungia joto ndani na kumpa muuguzi kazi ya kuvikwangua. Lengelenge lisipasuliwe.

Mchubuko wa barabarani una adui mwingine, pepopunda. Vijidudu vyake huishi kwenye udongo na kwenye mavi ya ng'ombe na mbuzi, yaani palepale anapoangukia mtu anayetoka mnadani. Wanawake hupata chanjo yake wakiwa wajawazito. Wanaume wengi hawajachanjwa tena tangu utotoni, na kinga ya utotoni hupungua. Kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni hadi changarawe zote zitoke, kisha mwenyewe aende zahanati kuulizia sindano ya pepopunda siku hiyohiyo. Na jeraha la ekzosi lililo kubwa kuliko kiganja, au lililo jeupe na halina maumivu, au lililopita wiki mbili bila kufunga, lisiendelee kutibiwa nyumbani: lipelekwe hospitali.